Jinsi ya Kupanga Utafiti wa Uzamivu katika Teolojia ya Vitendo Ukiwa Uganda

Mapendekezo mengi ya uzamivu katika teolojia ya vitendo, ile inayochunguza imani jinsi inavyoishiwa kanisani na katika jamii, yana ugonjwa mmoja: teolojia inachelewa kufika. Sura nne za mwanzo ni utafiti wa kijamii, zimejaa hojaji, majedwali na asilimia. Sura ya tano ndipo aya za Biblia zinapojitokeza, nazo zinakubaliana moja kwa moja na yale mtafiti aliyokwisha kusema. Mtahini akiuliza, "Tukiiondoa sura ya tano, tasnifu yako inapungukiwa nini?" mwanafunzi hana jibu. Ugonjwa huu hautibiki wakati wa kuandika tasnifu. Unazuiwa mapema, wakati wa kupanga, na ndiyo sababu sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu swali la utafiti.

Ili hatua zionekane, tutatembea na mfano mmoja. Busia, mpakani na Kenya, kama ilivyo sehemu nyingi za Uganda, wapo Wakristo waliotambulishana kwa wazazi, mahari ikatolewa yote au nusu, wakapata watoto na wanaishi kama mke na mume, ila hawajafunga ndoa kanisani. Kwa hiyo hawapokei Meza ya Bwana. Wanatoa zaka, wanaimba kwaya, wanachangia ujenzi, na watu wanapojipanga kwenda mbele wao wanabaki kwenye benchi.

Kutoka kwenye wasiwasi hadi swali

Jambo linalokukosesha usingizi bado si swali la utafiti. Liandike kwanza kwa sentensi tatu zisizo na neno lolote la kitaalamu: nani anafanya nini, wapi, na kwa nini tendo hilo linaigusa imani. Kama sentensi ya tatu haiandikiki, mada yako huenda ni nzuri lakini ni ya idara nyingine, labda sosholojia au maendeleo ya jamii. Heri kulijua hilo mwezi wa kwanza.

Sasa tazama kichwa hiki, ambacho mtu angeweza kukipeleka idarani bila kushtuka: "Athari za mahari kwa ndoa za Kikristo nchini Uganda." Kina makosa matatu. Neno "athari" limekwisha kuihukumu mahari kabla ya shahidi wa kwanza kusikilizwa. "Nchini Uganda" ni kazi ya watu kumi kwa miaka kumi. Kosa la tatu ndilo zito: "ndoa za Kikristo" inachukulia kuwa tunajua ndoa ya Kikristo ni ipi, ilhali hicho hasa ndicho kinachobishaniwa. Wale wawili walio kwenye benchi, je, ndoa yao ni ya Kikristo au si ya Kikristo? Kichwa kimelimeza swali lenyewe.

Kichwa kinachofaa zaidi: "Ndoa ya mila na Meza ya Bwana: uchunguzi wa kiteolojia katika parokia tatu za Kianglikana, Busia." Na swali kuu: desturi ya kuwazuia wanandoa wa mila kwenye Meza ya Bwana inadhihirisha ufahamu gani wa ndoa na wa sakramenti, na ufahamu huo unasimamaje mbele ya Maandiko na mapokeo ya kanisa?

Lipime kwa kuondoa maneno ya kiteolojia, yaani ndoa kama agano, sakramenti, Maandiko, mapokeo. Swali linakufa. Hiyo ndiyo dalili nzuri. Swali likibaki hai bila maneno hayo, rudi mezani uandike tena. Usione haya kuandika matoleo kumi na tano. Kazi hii inastahili miezi mitatu kamili, na wanaoiharakisha huilipa mwaka wa tatu.

Maswali madogo manne

Wengi hutumia mpangilio wa mwanateolojia Richard Osmer wa mwaka 2008, wenye kazi nne: kueleza kinachotendeka, kutafuta kwa nini kinatendeka, kupima kinachopaswa kutendeka, na kupanga namna ya kuitikia. Wakatoliki wamelelewa na utaratibu wa kuona, kuamua na kutenda uliotokana na padre Mbelgiji Joseph Cardijn, ambao Papa Yohane XXIII aliupendekeza katika waraka wake Mater et Magistra wa mwaka 1961. Wowote kati ya hiyo unafaa. Chagua mmoja na ueleze kwa aya mbili kwa nini unaendana na swali lako. Kuchanganya yote miwili huwaambia watahini kwamba hukuamua.

Kwa mfano wetu maswali madogo yatakuwa hivi. Moja: wanandoa hao, wachungaji na wazee wa kanisa wanaielezaje Jumapili ya Meza ya Bwana? Mbili: ni nguvu zipi za kiuchumi, za ukoo, za sheria na za historia ya misheni zilizoifikisha desturi hii hapa ilipo? Tatu: Maandiko, liturujia, kanuni za kanisa na teolojia ya Kiafrika zinasema nini juu ya ndoa na juu ya kustahili Meza? Nne: parokia inaweza kufanya nini, kwa mamlaka iliyo nayo?

Hapa ndipo teolojia hutorokea. Mtafiti husema moyoni, "Ya kwanza na ya pili ni ya kijamii, teolojia nitaianza kwenye ya tatu." Mama akikwambia, "Mungu ananijua hata nikikaa hapa," amekwisha kusema jambo juu ya neema, juu ya kanisa, pengine juu ya hukumu. Hiyo ni teolojia, nayo imetolewa kwenye swali la kwanza. Kwa hiyo weka katika mpango wako safu inayoonyesha, kwa kila swali dogo, ni wazo gani la kiteolojia unalisikiliza. Kwa lile la kwanza: kustahili, aibu, ushirika. Kwa lile la pili: namna kanisa lilivyopokea au kukataa mila. Safu hiyo ni nusu ukurasa tu, lakini ndiyo inayoshikilia pendekezo lote.

Usomaji na nyaraka

Panga usomaji kwa mirundo mitatu na uipe muda usiolingana.

Rundo la sheria na jamii ni dogo. Kwa mada yetu, soma sheria ya mwaka 1973 ya kusajili ndoa za kimila, kwa maana serikali inaitambua ndoa ambayo parokia inaiona pungufu. Soma pia hukumu ya Mahakama ya Juu ya mwaka 2015 katika kesi ya Mifumi, shirika la kutetea haki za wanawake, iliyosema kuwa kudai mahari irudishwe ndoa inapovunjika ni kinyume cha katiba. Miezi miwili inatosha.

Rundo la teolojia ndilo kubwa. Ingia kwenye mabishano yenyewe, usikusanye nukuu. Mwaka 1888 mkutano wa Lambeth wa maaskofu wa Kianglikana wa dunia ulikataa kubatiza wanaume wenye wake wengi. Mwaka 1988, miaka 100 baadaye, Lambeth hiyohiyo iliruhusu kwa masharti. Mtafiti makini hataishia kusema "kanisa lilibadilika". Atauliza hoja gani ya kiteolojia iliyopata nguvu, nani aliyeitoa, na kama inaweza kubeba swali la ndoa ya mila. Maaskofu wakuu wa Kianglikana wa Afrika, pamoja na wa Uganda, waliagiza ripoti juu ya ndoa ya Kikristo ambayo Adrian Hastings aliiandika na ikachapishwa mwaka 1973. Ukipita Busia bila kuisoma, mtahini atakuuliza. Upande wa Katoliki upo waraka wa Papa Fransisko wa mwaka 2016 juu ya upendo katika familia, na sura yake ya nane inagusa hasa walio katika hali zisizotimiza kanuni. Wasikilize pia wanateolojia wanawake wa Kiafrika waliojiunga katika mtandao wao uitwao Circle of Concerned African Women Theologians, uliozinduliwa Accra mwaka 1989, kwa sababu suala la mahari likiandikwa na wanaume peke yao huwa nusu.

Rundo la tatu ni nyaraka za kanisa lenyewe, na hili hupuuzwa mno. Chuo Kikuu cha Kikristo cha Uganda, Mukono, kilichotokana na chuo cha teolojia cha Askofu Tucker cha mwaka 1913, kinahifadhi nyaraka za Kanisa la Uganda. Makerere ina mkusanyiko wa vitabu vya Afrika katika maktaba kuu. Parokia nazo zina daftari za ndoa. Kwa ruhusa ya mchungaji, hesabu ndoa zilizofungwa kila mwaka kwa miaka 30, uziweke kando ya ubatizo wa watoto wa miaka hiyohiyo. Watoto wakiwa mamia na ndoa zikiwa chache, una picha ambayo mahojiano hayawezi kukupa. Usinakili majina. Na uwe tayari kwa daftari lililoliwa na mchwa au lililoondoka na mchungaji aliyehamishwa. Andika mapema utafanya nini miaka ikikosekana.

Watu wangapi, na kazi yake ni kiasi gani

Hojaji kwa watu 300 inavutia kwa sababu inaonekana ya kisayansi. Kwa swali kama letu haifai: hakuna kisanduku cha kuweka alama ambacho kitabeba miaka 20 ya kukaa kwenye benchi. Mpango unaofaa ni huu: parokia tatu, kila moja wanandoa wanne, jumla 12. Mke ahojiwe peke yake na mume peke yake, kwa maana mbele ya mume wake mama hatazungumzia mahari iliyobaki. Hayo ni mahojiano 24. Ongeza viongozi sita, wachungaji na walei, upate 30. Ongeza vikundi vinne vya majadiliano vya watu sita hadi wanane, wanawake mbali na wanaume. Kisha hudhuria ibada tatu za Meza katika kila parokia na uandike unachokiona: nani anasimama, nani anatoka nje kidogo, watoto wanaenda na nani kupokea baraka, nani amevaa sare ya Umoja wa Akina Mama.

Kamati ikiuliza kwa nini 30, usijibu "ni kawaida". Greg Guest na wenzake, waliohoji wanawake Ghana na Nigeria, walionyesha mwaka 2006 kuwa mada nyingi zilikwisha kujitokeza ndani ya mahojiano 12 ya kwanza. Lakini kundi lao lilikuwa la watu wanaofanana. Wewe una makundi matatu, wake, waume na viongozi, kwa hiyo hesabu kwa kila kundi.

Halafu hesabu jasho. Saa moja ya sauti huchukua saa nne hadi sita kuinukuu, yaani kuiandika neno kwa neno. Penye lugha mchanganyiko chukua sita. Mahojiano 30 ya saa moja ni saa 180. Kwa saa nne kwa siku ni siku 45 za kazi, wiki tisa, na vikundi hujavigusa. Mpango unaoandika "unukuzi: wiki mbili" unaonyesha kuwa mwandishi hajawahi kunukuu.

Kuhusu lugha, Busia mtu huanza kwa Kiswahili, akaingia Kisamia au Ateso jambo likiwa zito, akamalizia kwa Luganda. Mwache achague. Nukuu kwa lugha iliyosemwa, uchambue humo humo, na utafsiri zile nukuu tu zitakazoingia kwenye tasnifu. Anayetafsiri kila kitu kwanza anachambua maneno ya mkalimani.

Mwongozo wa mahojiano uwe na maswali manane hadi kumi, si zaidi. Swali baya: "Je, unajua kuishi bila ndoa ya kanisani ni dhambi?" Hilo ni hubiri. Swali zuri: "Nieleze Jumapili ya Meza ya Bwana ilivyo kwako, tangu unapoingia kanisani hadi unapotoka." Kisha nyamaza. Swali la kufuatia litoke kwenye neno lake mwenyewe.

Wewe ni nani mbele yao

Watafiti wengi wa fani hii ni wachungaji, mapadre, masista au wake wa wachungaji. Yule unayemhoji anajua unaweza kumwendea askofu, na anajua ubatizo wa mtoto wake unapita mkononi mwa mtu kama wewe. Atakupa jibu linalompendeza mchungaji, na wewe utaliandika kama ukweli. Kukiri jambo hili kwa aya moja hakutoshi. Mpango uonyeshe hatua. Usichague parokia unayoitumikia au uliyoitumikia karibuni. Usivae kola. Kutana na watu nje ya ofisi ya kanisa, mahali wanapopachagua. Tafuta msaidizi mwanamke wa kuhoji wanawake, umfundishe siku tatu, umpe hati ya kutunza siri aitie saini. Andika shajara kila jioni, ukurasa mmoja: nini kimenikera leo, nini nilitamani kusikia. Shajara hiyo ni data, nayo itakusaidia sana kwenye sura ya mbinu.

Vibali

Mfuatano ni huu: wasimamizi, kisha kamati ya masomo ya uzamili na uzamivu ya chuo, kisha kamati ya maadili ya utafiti iliyoidhinishwa, kisha Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia la Uganda, UNCST, ambalo maombi yake hupelekwa mtandaoni. Baada ya hapo ndipo uende kwa viongozi wa wilaya na dayosisi. Tenga miezi minne hadi sita, na usikusanye data yoyote kabla. Idhini ya kamati ya maadili huwa na muda wake, kwa kawaida mwaka mmoja, kwa hiyo weka tarehe ya kuihuisha kwenye kalenda yako tangu siku unapoipata. Ukitaka kufanya kazi kwenye makazi ya wakimbizi kama Nakivale au Kyangwali, ambako makanisa mengi ya Wakongo huabudu kwa Kiswahili, utahitaji pia ruhusa ya Ofisi ya Waziri Mkuu.

Maombi hurudishwa kwa mambo madogo: fomu ya ridhaa iko kwa Kiingereza tu, haina nafasi ya alama ya kidole gumba, haisemi mshiriki anaweza kujitoa bila kupoteza kitu, au haisemi nauli na muda wake vitafidiwaje. Jambo lingine hukwamisha zaidi. Sheria ya mwaka 2019 ya ulinzi wa data na faragha inaweka imani ya dini na maisha ya kimapenzi katika kundi la taarifa nyeti. Mada yetu inagusa zote mbili. Eleza basi: majina yatabadilishwa siku ileile, sauti zitahifadhiwa wapi na kwa nenosiri la nani, zitafutwa lini.

Fikiria pia lile unaloliogopa. Katiba inaweka umri wa ndoa kuwa miaka 18. Utafanya nini ukiambiwa katikati ya mahojiano kuwa binti aliyepo nyumbani ameolewa na ana 16? Ahadi ya siri isiyo na kikomo haiwezekani hapo. Fomu ya ridhaa iseme wazi, kabla ya swali la kwanza, ni jambo gani utalazimika kulipeleka kwa wanaohusika na ulinzi wa watoto.

Barua ya askofu ni ya lazima na ni ya hatari. Ikisomwa kanisani inageuka amri. Omba iandikwe ndani yake kuwa kushiriki ni hiari na kuwa majibu ya mtu hayatafika kwa mchungaji wake.

Kalenda na fedha

Kwa masomo ya muda wote panga miaka mitatu hadi minne. Kwa anayeendelea na utumishi, mitano au sita. Usiweke kazi ya uwandani kwenye Kwaresima na Juma Takatifu, wala Desemba, kwa kuwa wachungaji hawapatikani. Wala wiki za kuelekea Juni 3, mahujaji wanapokwenda Namugongo. Mwanzo wa muhula wa shule wazazi wanahangaika na karo. Kati ya Machi na Mei barabara za vijijini huharibika kwa mvua. Januari, na kuanzia katikati ya Juni hadi Agosti, ndiyo miezi mizuri.

Bajeti iwe na nauli za boda boda, kinasa sauti na betri za akiba, malipo ya msaidizi na mtafsiri wa fomu, ada za vibali, fidia ya washiriki, na safari ya mwisho ya kurudisha matokeo kwenye kila parokia. Hii ya mwisho watu huisahau, ilhali ndiyo swali dogo la nne lenyewe: bila kuketi tena na wazee na wale wanandoa, mapendekezo yako ni ya karatasi. Programu ya kuchambua si lazima inunuliwe; Taguette ni ya bure na inatosha kwa mahojiano 30.

Wasimamizi na karatasi yenyewe

Tafuta wasimamizi wawili wasiofanana: mmoja mwanateolojia, mwingine anayejua utafiti wa mahojiano kwa mikono yake. Wote wakiwa wanateolojia, sura ya mbinu itakuwa dhaifu. Wote wakiwa wa sayansi ya jamii, utarudi kwenye ugonjwa tuliouanza nao. Waandikie mapema watakutana nawe mara ngapi na watarudisha sura ndani ya wiki ngapi.

Urefu wa pendekezo hutofautiana kwa chuo, hivyo anza na mwongozo wa idara yako. Kama hausemi, kurasa 15 hadi 20 zinatosha: tatizo ukurasa mmoja na nusu, maswali nusu ukurasa, mapitio ya maandishi kurasa tano, msimamo wa kiteolojia kurasa tatu, mbinu kurasa nne, maadili mbili, kalenda na bajeti moja. Msimamo wa kiteolojia utangulie mbinu, kwa sababu mbinu inatoka humo.

Kabla ya kupeleka kwenye kamati ya maadili, jaribu mwongozo wa mahojiano kwa wenzako watatu wa darasani, mmoja akiigiza mama wa Busia. Majaribio na washiriki halisi yanasubiri kibali. Kikipatikana, hoji wanandoa wawili nje ya parokia zako tatu, tuseme Tororo, unukuu mahojiano yote manne hadi mwisho, uyapeleke kwa wasimamizi, kisha urekebishe maswali. Mabadiliko yoyote, hata ya swali moja, yarudi kwa kamati kwa barua na ungoje jibu kabla ya kwenda Busia.